Mshubiri wa Haji Mutawalli

Jumamosi, 4 Mei
Aleksandria. Mwaka na miezi minane tangu niondoke Qus, kwetu kusini. Niliondoka mke wangu akiwa na mimba. Sasa mimba hiyo ina jina, Bahgat, na inakimbiza kuku. Sijaiona. Mimi bado ni bawabu wa jengo la watu na nalala chini ya ngazi.

Bibi Inshirah, mwenye jengo, kaenda Port Said kwa bintiye. Kabla ya kuondoka aliniita roshani akanionyesha mshubiri wa marehemu mumewe, Haji Mutawalli. Umekaa kwenye kopo la samli lililoshika kutu. Akasema huo ndio uliobaki wa Haji humu ndani, huo na kiti chake. Nikiutunza, ruhusa ya kwenda nyumbani Idi Kubwa nimeipata. Ukifa, nisifungue mdomo kuhusu ruhusa tena. Nikacheka kimoyomoyo. Mshubiri! Watu huutundika juu ya mlango bila udongo wala maji na unaishi miaka. Nani atauua?

Jumapili, 5 Mei
Madbuli, bawabu wa jengo la pili, alikuja kuomba sukari. Akauona mshubiri. Akasema hata dagaa wamelala kwenye kopo bora kuliko lile, lakini sisi watu wa kusini hatuoni aibu. Nikampimia sukari yake. Alipoondoka nikapata wazo. Nitauhamishia kwenye chungu kikubwa! Bibi atafurahi, ruhusa ya wiki itakuwa ya mwezi.

Nikalichana kopo. Mizizi ilikuwa imejikunja kama mtu aliyelala na baridi. Nikaikunjua yote. Chungu kipya, samadi mbichi ya punda wa muuza maharage, kisha maji. Kwetu miwa hunywa mpaka shamba linakuwa ziwa. Nikafanya ziwa.

Jumanne, 7 Mei
Majani yamelegea. Kiu, bila shaka. Ndoo mbili.

Ijumaa, 10 Mei
Umeoza! Nimeushika, umebaki mkononi kama kamasi. Nimeua mmea usiouawa! Nimekaa kwenye ngazi, sikula. Nilimwona Bahgat mawazoni akikua mpaka akaota ndevu, nami bado nafagia hapa.

Madbuli alikuja tena kwa ajili ya sukari. Akautazama ule uozo. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaninong'oneza kwamba makaburi ya mtaani yamejaa mishubiri. Kila maiti na wake. Akaniuliza, bwana we, nani ataihesabu?

Jumamosi, 11 Mei
Nimekwenda adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo hakuna anayezuru makaburi. Niliupata mmoja, pacha kabisa wa ule wa Bibi. Hata jani moja lilikuwa limepinda kama kidole kinachoita. Majani yalikuwa yamefunika jina kwenye jiwe. Sikuyasogeza. Mwizi haulizi jina.

Nikavuta, ukagoma. Nikasema bismillahi, nikavuta tena. Ukaja wenyewe, taratibu, kama mtu anayekupa mkono umwinue.

Jumapili, 12 Mei
Umekaa vizuri chunguni, udongo mkavu na mchanga, kama alivyonielekeza Madbuli. Hodari mimi! Ila kuna jambo. Asubuhi niliugeuza uelekee jua. Adhuhuri nikaukuta umeelekea ndani, kwenye kiti cha Haji. Nikaugeuza. Nikaenda kufagia ngazi. Nikarudi. Kiti.

Nikaumwagia maji kidogo. Hayakutoka chini. Nikaongeza. Hayakutoka. Na roshani nzima inanuka tumbaku ya asali, ile ya kiko cha maji. Bibi havuti. Mimi sina hata ya kunusa.

Jumanne, 14 Mei
Baada ya alasiri nilisikia mtu akikohoa juu. Kikohozi cha mzee aliyeshiba. Nikapanda mbio. Hakuna mtu. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati. Nikaukung'uta, nikageuka kuchukua ufagio. Umebonyea.

Nikamwita Madbuli. Alifika mlangoni, akakitazama kiti, akakipa salamu alaikum kwa heshima zote. Kisha akanigeukia. Mshamba wee, nilikwambia ulete mmea, wewe umeuleta na mwenyewe! Akashuka bila viatu vyake. Mpaka sasa vipo mlangoni. Paka wa ngazi amekaa juu yake na hataki kuingia.

Alhamisi, 16 Mei
Bibi karudi asubuhi. Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Hakuna uliohitajika. Alisimama roshani, akavuta pumzi, akaketi sakafuni, akawa analia na kucheka pamoja. Hata chungu kipya hakukiuliza. Kisha akachukua mikate yake ya sadaka akaenda makaburini, kama kila Alhamisi.

Akarudi. Akaniambia kwamba siku ya kumzika Haji aliugawa mshubiri wake sehemu mbili. Nusu aliiacha kwenye kopo, nusu akaipanda kichwani pa kaburi. Leo kichwani pa kaburi kuna shimo.

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Bibi akaniambia nisiogope, mwanangu, hanilaumu. Haji tangu ujana hakupenda kulala nje ya nyumba yake.

Ijumaa, 17 Mei
Baada ya sala nikajipa moyo, nikakumbusha ruhusa yangu. Mshubiri upo, mzima, tena mnene! Bibi akasema kweli, aliahidi, lakini alipoahidi alikuwa mjane. Sasa mwenye nyumba karudi, lazima aulizwe. Akainama chunguni akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mumewe.

Hapakuwa na upepo. Lile jani lililopinda likaacha kiti. Likageuka polepole, likanipita mimi, likaonyesha chini ya ngazi. Kwenye godoro langu.

Bibi akatikisa kichwa. Pole, mwanangu. Hata alipokuwa hai hakuwahi kumpa bawabu ruhusa.

Jumamosi, 18 Mei
Nimewaza kutwa. Nimepata! Mshubiri umetoa mtoto ubavuni, mdogo kama kidole gumba. Haji ni mkaidi, lakini mtoto hana ukaidi, hufuata mlezi wake. Nitamlea mwenyewe, pembeni mwa godoro. Nitamfundisha kuonyesha upande wa stesheni ya treni, kisha nitampeleka kwa Bibi akaulizwe yeye.

Bibi alipolala kidogo baada ya chakula nilipanda nikamvuta yule mtoto wa mshubiri. Hakugoma. Alinipa mkono. Juu ya kichwa changu mtu akakohoa. Sikugeuka.

Sasa yumo kwenye kopo la halua, na samadi mbichi imo. Nimeshajua pia kosa la mara ile. Maji yalikuwa machache. Ndoo inajaa hapa ninapoandika. Idi Kubwa nashuka Qus kwa treni ya asubuhi, na Bahgat ataniona.