Alama za Vidole Uani kwa Mama

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeitwa! Usaili wa shahada ya uzamili, sayansi ya uchunguzi wa jinai, chuo cha Dar. Alhamisi hii, kwa simu ya video. Mwaka jana waliniacha. Mwaka juzi pia. Safari hii lazima kieleweke, maana Mama ameshasema nikikosa tena nakwenda Nanyamba kupalilia mikorosho ya mjomba. Na Mama hatanii.

Tatizo moja tu. Kila msailiwa aeleze uchunguzi mdogo alioufanya kwa mikono yake mwenyewe. Sina! Vitabu nimesoma, video nimetazama, uchunguzi sina. Imtiaz anao. Imtiaz niliyesoma naye shahada ya kwanza, mtoto wa Mzee Taherali mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikindani. Amebandua rangi za milango ya mji mzima akazilinganisha kwa hadubini yake. Leo amenipigia kunitakia heri. Mnafiki! Tena alionekana anamaanisha, na hilo ndilo linaloudhi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimezunguka mtaa wetu wote, Magomeni hii ya huku kusini, kutafuta uhalifu. Hakuna. Watu wameshika dini ghafla. Nimemuuliza jirani kama hajaibiwa chochote, akaniuliza nataka kuiba nini.

Basi, kisichopatikana hutengenezwa. Uani kwetu Mama ana kikundi chake cha kubangua korosho, yeye na wenzake wanne. Zilizobanguliwa hukaa jikoni kwenye kopo la bati. Nimelichukua, mikono nimeivika mifuko ya nailoni, nimelificha uvunguni mwa kitanda changu. Kesho litapotea rasmi. Nitalipata kichakani, nitalipaka poda, alama za vidole zitajitokeza, nitazilinganisha na za kina mama wote. Atakayeangukiwa na ushahidi nitamsamehe hadharani. Akili nyingi!

Nimeonja chache. Mifuko ilinisumbua kula, nikaivua.

Jumatano, 3 Septemba

Kilio uani. Kumbe korosho zile ni za mteja wa Ijumaa. Nikajitokeza mimi, mwokozi, na kopo mkononi. Nikatangaza mbele ya wote kwamba mwenye alama zitakazoonekana hapa ndiye mwizi, na sayansi haina undugu.

Nikaanza na Dada Modesta, mcheshi wao. Kidole kwenye wino wa mhuri, kidole kwenye karatasi. Doa jeusi tupu! Hakuna mstari hata mmoja. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, na Mama mwenyewe. Mafuta ya maganda ya korosho yamewachubua miaka yote hii mpaka ncha za vidole zimebaki laini kama kijiko. Lo! Nimekulia uani humu na sikujua.

Nikalipaka kopo poda. Madoa, madoa, halafu ubavuni alama moja safi, mistari yote ipo. Wakashangilia. Modesta akasema sasa tutazame na gumba la mtaalamu, maana hapa uani aliye na vidole vizima ni mmoja tu, yule ambaye hajawahi kubangua hata korosho moja.

Nikasema wino umeisha. Ulikuwa mkononi mwangu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akanipa masufuria ya kikundi kizima nioshe.

Alhamisi, 4 Septemba

Usaili. Wasaili watatu. Nilianza kuwasimulia mwizi niliyemnasa kati ya wanawake wasio na alama za vidole, kijana mmoja msomi, mvivu wa kazi za nyumbani. Mwenyekiti, profesa wa kike mwenye sauti ya kukata, akasema mwizi huyo hana haja naye. Anataka kusikia habari za wanawake wasio na alama.

Nikaeleza. Wote watatu wakaanza kuandika. Wallahi, hakuna aliyewahi kuandika ninachosema! Nikadai hilo ndilo nililolichunguza tangu mwanzo. Uongo. Lakini nikawaeleza na jinsi Mama alivyorudishwa kwenye kusajili laini ya simu, mashine ikamkataa kidole baada ya kidole, kama mtu asiyekuwepo duniani, nami siku ile nikailaumu mashine. Na hiyo haikuwa mbinu. Niliumia.

Jumatano, 10 Septemba

NIMEPATA! Mama amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa. Imtiaz naye kapata. Haya, dunia ni kubwa.

Profesa anataka niandae utafiti juu ya wabanguaji. Nitamshangaza. Nitabangua mwenyewe wiki nzima, nichukue alama zangu kabla na baada. Imtiaz na hadubini yake watajiju! Mama anasema nijipake majivu mikononi kwanza kama wao, utomvu ule unaunguza. Nimemwambia majivu yataharibu jaribio.

Jumatano, 17 Septemba

Vidole vinawaka moto. Ngozi imebanduka kama ya kitunguu. Alama zimefutika zote kumi, matokeo safi kabisa! Nilifurahi hadi saa nne asubuhi, chuo kilipotuma ujumbe: mwisho wa kukamilisha usajili ni Ijumaa, kwa kuhakikiwa alama za vidole, kwenye ofisi ya vitambulisho ya hapa mjini. Asiyekamilisha, nafasi anapewa mwingine.

Nimekimbia. Nimebonyeza vyote kumi. Mashine haijanitambua. Dada wa dirishani ameniuliza kwa huruma kama nyumbani tunabangua korosho. Ngozi itarudi, anasema, nisubiri wiki kadhaa.

Mama ananiambia nimpigie profesa nimweleze ukweli, mtu mwenyewe ndiye anayetaka kuyajua mambo haya, ataelewa. Ukweli! Mama wa watu, mambo ya vyuo hayajui.

Sijakata tamaa hata kidogo. Imtiaz vidole vyake ni vizima, na ana moyo wa kusaidia. Kesho alfajiri namfuata Mikindani. Twende naye dirishani, niseme jina langu, yeye abonyeze gumba lake. Dakika moja, kazi imekwisha, nami Dar naingia. Kozi yenyewe ya alama za vidole. Nani atakuja kuzikagua?