Avoka Moja Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo uso wangu nimeuacha bandarini. Atakayeuokota aniletee Buyenzi, mi nitakuwa ndani nimejifungia.

Nawaandikia hapa kwenye cyber. Mwenye cyber ananitazama vibaya kwa sababu kiti chake kimeanza kuteleza. Nimeoga. Nimejisugua na sabuni, na majani, na mchanga. Bado natoka mafuta. Hata hizi herufi nazibonyeza zinanikwepa.

Kwanza niseme hivi: mi mzima. Wote wazima. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia, isipokuwa heshima yangu. Alhamdulillahi. Najua nyie mlioko Nairobi na Brussels mkisikia habari ya Bujumbura mnaanza kulia kabla hamjasoma. Leo someni mpaka mwisho ndio mlie.

Mnakumbuka nimeposa. Mariamu, mtoto wa yule mama muuza avoka pale sokoni (ndiyo, parachichi, nyie wa Nairobi, msinisumbue). Posa imeenda zamani, jibu halijaja. Mama yake ni mjane, mume wake aliuawa vita vilipoanza, na tangu hapo hakubali mtu kwa maneno. Aliwaambia wazee wangu: "Mutu nitamujua akiwa kazini." Basi ikapangwa leo asubuhi shangazi yake Mariamu atoke Kinama, aje bandarini kuniangalia nikifanya kazi, kisha apeleke habari nyumbani.

Shangazi, si mama. Mnajua kwetu mama mkwe na mkwe wanavyoogopana. Humpiti mbele. Humkaribii. Mkikutana njiani, we unaangalia chini kama uliyedondosha sindano.

Lakini usiku risasi zimelia upande wa Kinama. Asubuhi njia imefungwa, shangazi hakutoka. Na mi nikashukuru Mungu, nikajua leo nimepona, nikavaa ile fulana yangu yenye matundu.

Sasa, kazi yenyewe. Avoka zinatoka juu milimani, zinashuka na kamio, yaani malori, na kamio hazitembei peke yao, zinangoja konvwa, msafara wenye askari mbele na nyuma. Konvwa isipopita, avoka zinaiva hukohuko barabarani. Safari hii ilikaa sana. Jana imepita, tukapata mzigo wenye joto la hatari. Leo tangu alfajiri mi na Gaspari, mwenzangu wa kufunga mzigo, tunachambua. Ngumu tunazipanga kwenye masanduku na majani makavu ya mgomba, ziende na meli ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Zilizolainika zaidi tunazitupa nyuma ya kibanda chetu cha kazi, watu wa sabuni watakuja kuzichota. Lundo la leo lilikuwa limefika kiunoni. Likumbukeni hilo lundo.

Nimeinama hivi, nasikia Gaspari anakohoa.

"Shabani."

"Niache, nafanya kazi."

"Shabani, simama. Mama mukwe."

Yampayinka! Nageuka, mama Mariamu mwenyewe amesimama mlangoni, kitenge kichwani, kandambili mguuni, mikono nyuma. Mzima mzima! Shangazi ameshindwa, amekuja yeye!

Nikaangalia chini. Kule chini nikaona fulana yangu, tundu moja linaonyesha kitovu. Nikaweka sanduku mbele ya kitovu.

"Fanya kazi yako, mwanangu," akasema. "Mi naangalia tu."

Mtu mwenye akili angefanya kazi kimya. Mi nikafungua mdomo. (Marehemu bibi alikuwa akisema nimezaliwa mdomo ukiwa wa kwanza kutoka.) Nikaanza kumfundisha avoka mwanamke aliyeuza avoka tangu mi sijajua kufunga kifungo.

"Mama, hii kazi si ya kila mutu. Unaona hiki kijiti hapa juu? Usikitoe. Mi Gaspari namugombeza kila siku. Ukitoa kijiti, inaanza kuoza palepale. Halafu unaitikisa kwa sikio, hivi. Mi avoka naijua kwa sauti. Nifunge macho, uiangushe, nitakuambia imetoka mulima gani!"

Gaspari akakohoa tena. Mama akasema, "Aaa."

Kisha akauliza, pole pole, macho yake yakiwa ziwani:

"Na risasi zikilia usiku, mutoto wangu akiwa kwako, utafanya nini?"

Jamani. Hapo ndipo posa ilipokuwa. Si kwenye kijiti, si kwenye majani ya mgomba. Swali lilikuwa hilo moja, ndilo lililomtoa nyumbani kwake asubuhi kama hii, na mi nililijua.

Nikapiga kifua. Kwa mkono wenye avoka. "Mama, mi sikimbii. Hakuna kitu kitapita hapa kimuguse Mariamu. Mi ni ukuta."

(Ukuta. Nilisema ukuta. Gaspari ni shahidi.)

Mama alinitazama, halafu akatazama chini, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyechoka. Nikajua nimemfurahisha sana.

Gaspari akarudi kupakua kamio. Mi nimesimama, kifua mbele, bado ni ukuta. Ghafla nyuma yangu kitu kikaanguka juu ya kipande cha bati sakafuni. Ngo! Kikaanza kubingirika. Krrr, krrr, krrr. Kikaja polepole, kikagonga kisigino changu, kikatulia.

Nikaangalia chini. Kitu cha mviringo. Kijani ya kuelekea nyeusi. Kina vipele vipele. Na juu kina kijiti.

"Gerenadiiiii!"

Ile sauti sijui ilitoka kwa nani. Watu wote wanasema ni mi. Ninachokumbuka ni kwamba miguu iliondoka kabla yangu. Nilimpita mama mkwe mbele. Nilimkanyaga kandambili, ikakatika. Nilitoka na mlango wa nyuma, nikaruka, nikaingia kwenye lundo kwa kichwa.

Nyie hamjawahi kuingia kwenye avoka zilizooza. Ni za moto! Zinafunguka, zinakupokea, zinakufunika. Puani avoka, masikioni avoka, ndani ya tundu la kitovu avoka. Nikapiga shahada nikiwa na mdomo umejaa. Nikangoja mlipuko.

Bandari nzima ikawa chini. Kelele yangu ilikuwa imewalaza wote: wapakiaji wamelala, mawakala wa forodha na mashati yao meupe wamelala, askari wa getini amelala na bunduki yake. Hakuna aliyeuliza. Mjini kwetu siku hizi ukisikia neno hilo unalala kwanza, maswali baadaye.

Nikangoja. Hakuna kitu.

Kisha nikasikia hatua za mtu mwenye kandambili mguu mmoja tu. Pa, kimya. Pa, kimya. Zikasimama. Halafu sauti ya mama Mariamu, taratibu kabisa:

"Hii bado ngumu. Irudisheni kwenye sanduku."

Nikatoa jicho moja. Katika bandari nzima mtu aliyesimama alikuwa yeye peke yake, ameshika avoka, anaitikisa sikioni.

Jamani, sijui niseme vipi. Kwanza nilifurahi. Kabla ya aibu, kabla ya yote, nilifurahi humo humo kwenye lundo. Ni avoka! Yuko mzima! Gaspari mzima, mi mzima, jua linawaka, meli ipo! Nikaanza kucheka peke yangu na machozi yananitoka.

Kicheko kikakatika nilipoona askari anainuka. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nani amesema gerenadi?"

Vidole vyote vikaelekea lundo. Cha Gaspari kilikuwa cha kwanza. (Gaspari, tumekula sahani moja!)

"Toka humo!"

Nikatoka. Askari akarudi nyuma hatua.

"Mana yanje! Hiki ni nini?"

"Ni mutu, afande," nikasema.

"Karangamuntu iko wapi?"

Nikatoa kitambulisho mfukoni. Kilitoka na avoka. Akakifuta, picha ikabaki na sikio tu. Akakasirika zaidi. "Kutisha watu bandarini wakati wa vita, unajua ni nini? Twende ku brigade."

Hapo msicheke. Mnajua wenyewe. Wakati huu mtu akipelekwa brigade, kituo cha askari, ndugu zake wanazunguka mji wakiuliza kila geti, na kila geti wanaambiwa hayupo. Gaspari alishusha kidole chake. Mi nilitaka kujitetea, mdomo wangu ule unaojua kila kitu ukakataa kufunguka.

Ndipo mama Mariamu akaja, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Muache, mwanangu. Huyo ni mukwe wangu."

Askari akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Tone la avoka likaanguka kidevuni mwangu.

"Huyu?"

"Huyu."

"Mama, amekimbia akakuacha!"

"Nimeona. Nilikuwa hapa."

Bandari nzima ikalipuka, kwa kicheko. Askari alicheka mpaka akaegemea geti. Mawakala walicheka na mashati yao machafu. "Mupeleke akaoge," askari akasema, akanirudishia kitambulisho kwa ncha za vidole viwili.

Tukaenda bombani. Mama akakaa mbali, kama inavyotakiwa, ameangalia upande mwingine. Mi namwaga maji kichwani, naomba ardhi ipasuke. Posa imekwisha, nilijua. Amenisitiri kwa huruma tu.

Akasema, bila kugeuka: "Baba Mariamu hakukimbia. Siku ile walipokuja, mi nilikuwa namuvuta shati, tutokee nyuma. Akasimama mulangoni. Akaniambia yeye ni ukuta."

Nikafunga bomba.

"Neno lako lile limeniuma, Shabani. Nilikuwa nimeshaamua nirudi nyumbani niwaambie wazee wako apana. Mi sitaki ukuta. Nataka mutu atakayekimbia na mutoto wangu." Akavuta pumzi. "Na we unakimbia, mwanangu. Mi sijaona mutu anakimbia hivyo."

Nililia, jamani. Sioni haya kusema. Machozi yalikuwa yanateleza juu ya mafuta bila kushika popote.

"Lakini siku nyingine," akasema, "umushike mukono kwanza. Ndiyo ukimbie."

"Labeka, mama."

"Na kandambili yangu utaishona."

Nimeishona. Meli ya Kalemie imeondoka na masanduku yote, isipokuwa avoka moja. Ile yenyewe. Mama ameifunga kwenye pindo la kitenge akaenda nayo nyumbani, amesema ataifukia kwenye unga, na ikilainika niwalete wazee waje kuzungumza mahari. Kwa hiyo jibu langu sasa hivi liko ndani ya unga, linaiva. Mariamu amenitumia salamu na mdogo wake: anasema kila asubuhi ataibonyeza kidogo.

Basi nyie mtakaoweza kuja harusini, karibuni sana, njooni na zawadi yoyote ila avoka. Na mkisikia kitu kinabingirika ukumbini, msihangaike kututafuta. Mi na bibi harusi tutakuwa tumeshafika Ruziba, kule nje ya mji, mkono kwa mkono.