Nilivyomweka Mama Kwenye Jedwali la Alama

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya mama yangu mzazi. (Kwa maneno tu. Tulieni.) Nguo ninazo, heshima ndiyo sina. Nawaandikia, wenzangu wa shule, kutoka kafe ya intaneti hapa mjini Arusha, nimekaa kona ya mwisho kabisa. Nimemuaga mke wangu kwamba nakuja kutuma ripoti ya kazini. Ameniangalia tu, hakujibu. Mtaelewa kwa nini.

Mnajua kile kiwanda chetu kilibinafsishwa, tukapewa barua za kwaheri, na mimi nikaangukia kwenye shamba la maua huko Usa River. Pale mimi ni afisa manunuzi. Kazi yangu ni kuchagua: nani atuletee maboksi, nani atuletee mbolea, lori la nani lipeleke maua uwanja wa ndege. Enzi zile duka lilikuwa moja, unachukua kilichopo na unashukuru. Siku hizi wauzaji wako kumi na kila mmoja ana tabasamu na kadi yenye jina lake. Ndiyo maana bosi akatupeleka semina ya kujifunza kuchagua.

Semina ikaniharibu.

Tulifundishwa hivi. Unachora jedwali. Machaguo yako unayaandika juu, vigezo unaviandika pembeni. Kila kigezo unakipa uzito kulingana na umuhimu wake, na uzito wote ukijumlishwa uwe mia. Kisha kila chaguo unalipa alama juu ya kumi. Unazidisha, unajumlisha, anayeongoza ndiye jibu. Hakuna kelele, hakuna kununiana. Namba zimesema!

Nikalewa. Nikachagua maboksi kwa jedwali. Nikachagua pasi ya nyumbani kwa jedwali. Nikachagua jogoo wa Pasaka kwa jedwali. (Vigezo vitano. Alikuwa mgumu kama tairi, lakini hesabu ilikuwa sahihi.)

Halafu likaja suala la mama.

Mama yangu mnamkumbuka, yule aliyekuwa akituletea ndizi shuleni. Tangu baba afariki amekuwa akiishi nyumbani kwetu mlimani, juu ya Maji ya Chai, pamoja na mdogo wangu Anaeli. Miezi mitatu iliyopita akateleza akavunjika mguu. Tukamleta kwangu, mtaa wa Kwa Mrombo, akakaa na plasta. Juzi Alhamisi daktari akaitoa. Akasema atatembea kwa fimbo, lakini akianguka tena, kwa umri ule, tusije tukamlaumu mtu.

Basi mama akae wapi? Abaki kwangu? Aende kwa dada yetu mkubwa, Eliamani, Usa River? Au arudi mlimani kwa Anaeli? Kila mtu alikuwa na jibu lake na kila jibu lilikuwa na hasira. Dada alinikatia simu mara mbili. Anaeli naye akaacha hata kunibipu.

Nikasema, tulieni. Mimi ninalo jedwali.

Jana saa ya chakula nikafunga mlango wa ofisi, nikachukua penseli. Nikaweka vigezo: hospitali, maji ya bomba, usalama wa kutembea, mtu wa kushinda naye mchana, subira ya mwenye nyumba. Na kwa kuwa mwalimu wa semina alisema rasimu lazima iwe ya kweli kabisa, nikaandika ukweli. Wote. Na maelezo pembeni.

Nikajumlisha. Nyumbani mlimani ikashika namba moja.

Sikupenda. Ule mteremko wa shambani kwetu mnaujua, hata mbuzi anashuka akiomba. Nikaongeza uzito wa usalama wa kutembea, nikajumlisha upya. Ikashinda nyumba yangu.

Nikachonga penseli upya. (Mama ni mtakatifu, sisemi neno. Ila mama huamka saa kumi alfajiri na kuimba tenzi, beti zote, na chumba chake kimepakana na kichwa changu.) Nikabadilisha uzito tena. Ikashinda Usa River.

Hapo sasa! Namba zimesema. (Namba hazikusema. Namba zilibanwa mpaka zikakiri.)

Nikageuza karatasi, nikanakili jedwali safi upande wa pili kwa kalamu ya wino na rula, bila yale maelezo ya pembeni. Ofisini tunabana matumizi, hatutupi karatasi yenye upande mweupe.

Leo asubuhi nikapita dukani kutoa fotokopi. Nikamwambia binti wa pale, "Nitolee nne, ziwe safi." Nikatoka nje kuangalia tairi za pikapu ya kazini niliyoazima. Akaniletea bahasha. "Tayari, kaka. Nimekutolea vizuri kabisa, hutalalamika." Nikamshukuru. Sikuifungua.

Tukapanda mlimani, mama mbele, mimi kwenye usukani, mke wangu Janeth katikati yetu akimshikilia mama kila palipokuwa na shimo. Dada Eliamani tukamkuta ameshafika. Mama alishuka kwenye gari akakataa mkono wangu. Akashika ukuta wa nyumba, akasimama hapo muda. Akatazama migomba. Akaona mahali Anaeli alipong'oa kahawa akapanda nyanya, akasonya. Ndipo akaingia ndani.

Tukala loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Vyombo vikaondolewa. Nikasimama. (Nilikuwa nimevaa tai. Sijui kwa nini. Tai!)

"Ndugu zangu," nikasema, "leo tutaamua kitaalamu. Bila hisia."

Nikawagawia karatasi. Moja kwa mama, moja kwa dada, moja kwa Anaeli, moja kwa Janeth. Mimi nikabaki na ile halisi.

Dada akaitazama. "Zaka, mama amekuwa zabuni?"

"Dada, soma kwanza."

"Naona umemwekea na mistari."

Mama akafungua mkoba wake, akatoa miwani. Mjue huyu mama amekuwa akisoma masomo usharikani kwa miaka mingi. Akipewa karatasi hasomi kimoyomoyo. Hajui kunong'ona. Akipewa hata maelezo ya dawa ya kikohozi, mtaa mzima unapona.

Nikawaelezea ukurasa wa mbele, kigezo baada ya kigezo. Dada akaanza kutabasamu, maana kwake kulikuwa kunaongoza. Anaeli akanung'unika, "Braza, maji ya bomba si tunayo hapa nje?" Nikamjibu kwa upole wa kitaalamu. Mambo yakawa yananyooka. Nikajisikia mkubwa.

Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Na huku nyuma je?" mama akauliza.

"Huku nyuma wapi, mama?"

Nikageuza ya kwangu kuangalia. Penseli yote ilikuwa pale. Lakini hii si ndiyo halisi? Nikamchungulia Janeth begani. Penseli ilikuwa pale pia! Yule binti wa watu alikuwa amenitolea mbele na nyuma. Kweli, sikuwa na la kulalamika.

Mama akajisafisha koo, akasoma kwa sauti ileile ya Jumapili.

"Kigezo cha tano. Subira ya mwenye nyumba. Janeth: tatu. Siku ya nne ataanza kununa."

Janeth akainua macho kutoka kwenye karatasi. (Janeth ndiye aliyemwogesha mama kwa miezi mitatu. Mchango wangu ulikuwa kushika taulo nje ya mlango.)

"Eliamani: nne. Anaongea mpaka redio inaona aibu."

"Nini?" dada akasema.

"Anaeli: mbili. Atasahau kama mama yupo."

"Braza!"

"Mimi: tisa." Mama akashusha miwani puani. "Mimi ni nani?"

"Ni... ni mimi, mama."

"Tisa?"

"Juu ya kumi, mama."

"Kumi naijua, Zakaria."

Nikanyoosha mkono. "Mama, hiyo ni rafu tu, nipe nikutafutie ile nzuri." Akaihamishia karatasi mkono wa pili bila hata kunitazama. Mkono wangu ukabaki hewani, nikautumia kunyoosha tai.

"Kigezo cha sita. Usumbufu wa mama."

(Hicho sikuwatajia.) Hapo niliuomba Mlima Meru ulipuke. Hata kidogo tu. Hata moshi.

"Saa kumi alfajiri tenzi, beti zote. Mungu mwenyewe bado anajifunika shuka."

Anaeli alitoka kwenye kigoda akaenda kuegemea mlango, mabega yanatetemeka. Mama akaendelea, kidole kinafuata mstari. "Jumla: nyumbani kwanza. Imekatwa. Badili uzito. Jumla: kwangu kwanza. HAPANA! Badili tena."

Ile HAPANA niliiandika kwa herufi kubwa. Mama aliisoma kwa herufi kubwa.

Dada akaweka karatasi chini. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka zamani. "Kwa hiyo mimi nimeshinda kwa sababu wewe umemkimbia?"

Nilimtazama mama nikitegemea machozi, maana mabega yake nayo yalianza kutikisika. Nikasema moyoni, Zakaria, umemliza mama yako aliyevunjika mguu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka miwani ikadondoka mapajani. Alicheka akapiga fimbo sakafuni. Tangu aanguke sikuwahi kumsikia akicheka vile, na tangu baba afariki sijui kama niliwahi. Janeth akajitahidi kukaza uso, akashindwa. Dada naye akafuata. Nikabaki mimi na tai yangu.

Alipomaliza akajifuta macho kwa khanga. "Sasa niambie. Hii ya nyumbani ilikuwa imeshinda. Uliikata kwa nini?"

"Naogopa, mama," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyopanga. "Ule mteremko wa shambani. Si ndipo ulipoanguka?"

"Nani alikuambia nilianguka shambani?"

"Wewe mwenyewe. Ulimwambia daktari."

Mama akatazama pembeni. Akakunja pindo la khanga, akalikunjua.

"Niliteleza nikienda chooni," akasema. "Mvua ilikuwa imenyesha, na pale nyuma ya migomba ni matope matupu. Sasa mtu mzima kama mimi nimwambie yule daktari kijana kwamba nimeokotwa na majirani nikiwa na kopo la maji mkononi? Nikasema shambani. Shambani kuna heshima."

Tukatazamana sisi watatu. Miezi mitatu tumegombana juu ya hospitali, mabomba na mteremko, na hakuna aliyekuwa amefikiria choo.

"Nipe kalamu," mama akasema.

Nikampa. Akaandika chini kabisa ya jedwali langu zuri, kwa mwandiko wake mkubwa wa zamani: CHOO. Kisha akauliza, "Uzito unawekwa wapi?"

"Hapa. Lakini mama, uzito wote ukijumlishwa lazima uwe mia."

Akaandika mia.

"Mama, na hivyo vigezo vingine je?"

"Vipe sifuri."

(Katika semina nzima hakuna aliyetufundisha namna ya kujibu hilo.)

Akatoa alama. Kwangu, choo cha ndani: nane. Kwa dada, choo cha ndani lakini kuna ngazi mbili: sita. Nyumbani: sifuri. Nikaanza kusema kwamba basi mshindi ni mimi, akanizuia kwa fimbo.

"Hii sifuri fundi anaweza kuibadilisha. Ile tatu uliyompa mke wako, hakuna fundi anayeiweza. Jengeni choo hapa, kishikane na chumba changu, nirudi kwangu. Eliamani atatafuta matofali, nasikia anajua kuongea na watu. Anaeli atavuta bomba, asisahau. Na wewe mwenye tisa utachimba."

"Na mpaka kiishe, utakaa wapi?"

"Kwa Janeth," akasema. Hakusema kwako. Kwa Janeth!

"Na... tenzi, mama?"

"Nitaongeza beti."

Tulipokuwa tunaondoka, dada na Anaeli walikuwa nyuma ya nyumba wakipima kwa kamba, wale wale ambao wiki nzima hawakupokeleana simu. Mama alikuwa anawaonyesha kwa fimbo shimo liwe wapi, anawakaripia wote wawili kwa usawa. Niseme ukweli: pamoja na aibu yote, niliendesha gari kushuka mlima nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Tulipofika barabara ya lami mama alikuwa ameshasinzia. Nikajaribu bahati yangu kwa mke wangu.

"Mama Neema, ile tatu..."

"Miezi mitatu sijanuna," Janeth akasema, macho mbele. "Nanuna kuanzia leo. Usije ukaonekana mwongo."

Nikabadilisha gia. Baadaye kidogo akaongeza, "Na kesho mama akianza kuimba saa kumi, wewe ndiye utakayeitikia. Kutoka chumba chake. Umekaa kitini." Nadhani alikuwa anacheka, lakini aligeukia dirishani, siwezi kuthibitisha.

Kwa hiyo wenzangu, ndiyo hali yangu. Kesho naamka saa kumi kuitikia tenzi, na Jumamosi ijayo tunaanza kuchimba. Sitaki kusikia mtu amecheka. Atakayecheka aje na sururu yake.