Mpwa Wangu Chiriku na Wachawi Kumi na Tisa

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA RASMI KWAMBA NIMEROGWA

Natumaini u mzima wa afya. Mimi si mzima. Ni kinyozi wa kile kibanda cha pembeni mwa soko, chenye kioo kilichopasuka, na nakuandikia kwa heshima na taadhima kumlalamikia mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka minane. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Tulimpokea mwaka jana baada ya mazishi, kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa ndugu wengine wote waligundua siku ileile kwamba nyumba zao ni ndogo.

Tangu aingie kwangu, mambo yamekwenda mrama kama ifuatavyo:

1. Anatabiri. Aliniambia, "Mjomba, kiti hicho mguu mbovu, usikalie." Nikakalia. Nikaanguka. Alijuaje? Mke wangu anasema aliutazama mguu. Mke wangu naye nimeanza kumtazama.

2. Ameua kazi yangu. Zamani nilinyoa vichwa kumi kwa siku, sasa vitatu. Ni kweli kuna kijana amefungua saluni ng'ambo ya barabara, yenye feni na viti vya kuzunguka. Lakini jiulize, Ndugu Mwenyekiti: dunia yote hii ilivyo pana, kwa nini aje ng'ambo ya barabara? Nani alimwelekeza?

3. Hali ngumu ilitulazimu kumpa nusu sahani, naye akaendelea kurefuka. Baadaye niligundua mwanangu mkubwa humgawia chakula chake. Hilo linathibitisha tu kwamba kamroga, maana mwanangu hajawahi kumgawia mtu kitu tangu azaliwe.

4. Kitindamimba wangu aliugua malaria. Nesi akasema ni mbu. Nikamuuliza mbu huyo katumwa na nani, akaniambia ninunue chandarua. Na mtu huyo kasomeshwa miaka mitatu!

Ndipo nikamwita Mtaalamu wa kufichua wachawi. Majirani wakajaa uani, nawe ulikuwepo. Alijifunga kitambaa machoni, akazungusha usinga wake, akamgusa mama mkwe wangu. Mama mkwe alimtazama kwa namna ambayo Mtaalamu, ingawa alijifunga macho, aliihisi, akasema hayo yalikuwa mazoezi. Mara ya pili akaigusa redio. Mara ya tatu akasita, akainua kitambaa kidogo kwa kidole, akaenda moja kwa moja hadi kwa Chiriku.

Mtoto alirudi nyuma hadi ukutani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, mbona unachungulia?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mtaalamu akatangaza papo hapo kwamba kila aliyecheka ni mchawi. Nilihesabu kumi na tisa, ukiwemo wewe, Ndugu Mwenyekiti, uliyekuwa umeshikilia nguzo usianguke. Mtaa una wachawi kumi na tisa na barabara bado haipitiki! Hamwoni haya?

Kwa kuwa nisingeweza kuwakamata kumi na tisa, nilimkamata yule mmoja mdogo. Nilimwachisha shule, nikamweka stoo pamoja na mkaa mpaka akiri. Siku ya pili, alipousikia uji unakorogwa, alikiri kila kitu. Alisema anapaa na ungo. Nikafurahi sana, nikachukua kalamu, nikamuuliza huwa anapaa kwenda wapi. Akasema, "Kaburini kwa mama, kumsalimia."

5. Hapo niliingiwa na vumbi machoni, nikashindwa kuandika. Naomba nalo liingizwe kwenye malalamiko.

Asubuhi yake mwalimu wake akaja, hakubisha hata hodi. Akamtoa stoo, akampangusa vumbi la mkaa usoni kwa ncha ya kanga yake. Nilimwonya kwamba huyo ni mchawi. Akanijibu, "Mimi pia nilicheka. Basi wachawi tutakaa pamoja." Wakaenda.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mwalimu aamriwe kumrudisha mtoto kwa uchunguzi zaidi. Pili, wachawi wote kumi na tisa wahukumiwe kunyolewa kwangu, wasivuke barabara tena maisha yao yote.

Nisalimie mama watoto, watoto, na wajumbe wako wote, hata wale waliocheka mpaka wakakaa chini.

Ni mimi mwananchi wako niliyerogwa,
Kinyozi wa Pembeni mwa Soko

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, nilikwenda kwa Mtaalamu anipigie muhuri wake. Nilikuta sufuria tatu sakafuni zinakinga mvua, mkewe kahama, naye mwenyewe kajikunja kitandani na baridi ya homa. Nikamuuliza mtoto mchawi wa nyumba hii yuko wapi. Akasema hajajaliwa mtoto. Nikamuuliza, sasa haya yote kakufanyia nani? Akanitazama, akasema, "Maisha tu, ndugu yangu."

Ukiwa umeshasoma mpaka hapa, tafadhali isahau barua. Naandika haya nikiwa barazani kwa mwalimu. Nimemletea Chiriku viatu vyake vya shule, nimevipiga na rangi. Nimemwomba radhi kupitia dirisha. Amesema bado anafikiria, nami nimemwambia afikirie tu, sina haraka.