Kidole Gumba na Vifundo vya Panya

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka sita ni hili: je, kifundo cha mguu wa panya kinaweza kutuambia ukweli kuhusu goti la binadamu? Shangazi yangu wa Kavumu aling'atwa na kupe akichunga mbuzi. Tangu hapo goti lake huvimba na kupoa, huvimba na kupoa. Nilimwahidi jibu. Bado ananingoja.

Wiki hii jibu limekaribia. Panya ishirini, maabara yetu ya Nguba, wiki ya nne, ambapo uvimbe hufika kileleni. Kumi walidungwa bakteria wa kupe, kumi maji ya chumvi. Charlène, fundi wetu, ndiye aliyewadunga, kisha akafunga vipande vya kitenge kwenye vizimba: njano na buluu. Maana ya rangi imo katika bahasha iliyofungwa, kabatini kwa Profesa Cirhuza. Mpimaji hapaswi kujua. Ni kanuni nzuri. Nimewafundisha wanafunzi kanuni hiyo miaka mitatu, kwa ufasaha, nadhani.

Wapimaji ni wawili, mimi na Gaston. Jumamosi ya tarehe 14 kuna siku ya kisayansi kule Lwiro. Maabara yetu imepewa robo saa na msemaji mmoja. Gaston amekwisha kununua tai.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemweleza Profesa kwamba kazi ya kukusanya kupe Kavumu inahitaji mtu mwenye macho makali na subira, na kwamba simwoni mwingine ila Gaston. Akakubali, akaondoka kwenda Kinshasa.

Gaston aliniuliza kama ninamfukuza. Nilimjibu kwamba ninampandisha. Akasema, "Mersi, Dokta Apolline. Munisalimie panya, muziambie papa yao alienda kwa mbuzi." Wote wakacheka. Nikatabasamu kwa hadhi.

Mpimaji amebaki mmoja. Kisayansi ni udhaifu. Katika daftari la maabara nimeuandika kama ufanisi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Siku ya kupima. Kabla sijaanza niliona jambo ambalo sikulitafuta. Charlène alipofungua vizimba vya buluu alikuwa na glavu zake nyembamba tu. Alipofika kwenye vya njano, akavaa juu yake glavu nene za ngozi. Sikumuuliza. Kuuliza kungekuwa kuvunja kanuni. Kuona ni kuona tu. Nikahitimisha kwamba wa njano ndio wagonjwa. Karibu hakika.

Nikapima kwa kalipa, ile yenye taya mbili za chuma zinazosukumwa kwa kidole gumba. Vifundo arobaini vya nyuma. Njano, wastani milimita 3.4. Buluu, 2.9. Nusu milimita nzima! Charlène, aliyekuwa akiandika namba, alisema kwa upole, "Dokta, ile ya buluu munaifinya sana, iko nalia." Nilimweleza kwamba kifundo kizima huwa laini. Akaandika.

Nilimpigia shangazi simu kumwambia kwamba tumefika. Aliuliza nani anayewapikia ugali hao panya wenye magoti mabaya. Moyo wangu ulijaa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Profesa amerudi. Bahasha imefunguliwa mbele yetu sote. Njano: maji ya chumvi. Buluu: bakteria.

Kwa mujibu wa takwimu zangu, basi, maji ya chumvi huleta ugonjwa wa viungo na kupe huuponya. Nilijaribu kuitetea nadharia hiyo kwa dakika mbili. Profesa alivua miwani.

Nikamuuliza Charlène kuhusu glavu nene. Alinishangaa. Kumbe panya namba nne wa njano alimng'ata mwezi uliopita. "Ile panya iko naluma bila sababu, Dokta. Hamukuona kidole yangu?" Kidole kilikuwa na bandeji. Kimekuwa na bandeji, inasemekana, wiki tatu.

Gaston, aliyerudi na kupe mia tatu na kumi na wawili, aliombwa kupima upya. Njano, 3.0. Buluu, 3.0.

Jumamosi, 14 Oktoba

Lwiro. Gaston amezungumza robo saa juu ya kupe wa Kavumu. Kupe wangu, kwa maana fulani, kwa kuwa ni mimi niliyemtuma. Tai ilimkaa vizuri. Lazima niwe mkweli. Mwishoni alimshukuru "Maman Panya, ule alinifukuza kwa labo mupaka nikapata kazi ya kuonyesha." Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Nilisimama nikainama kidogo. Makofi ni makofi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kwa uaminifu wote: sijui kama bakteria huyu huvimbisha kifundo cha panya. Uvimbe hupoa wenyewe baada ya wiki ya nne, na Gaston alipima ya tano ikiisha. Huenda ulikuwapo ukaondoka, huenda haukuwapo kamwe. Namba pekee za wiki ya nne ni zangu, na ndani yake kimo kidole gumba changu. Hakuna hesabu inayoweza kukitoa. Shangazi amepiga simu. Goti limevimba tena. Nimemwomba asubiri panya wengine. Amesema waharakishe, yeye ana shamba la kulima.

Na bado sioni sababu ya kuinamisha kichwa. Ni wangapi waliowahi kuonyesha, kwa mkono wao wenyewe, kwamba mkono hupima kile ambacho kichwa kimekwisha kuamua? Nimempelekea Profesa pendekezo la kurasa nane kuhusu jambo hilo. Panya wapya, wapimaji wawili, bahasha mpya. Amekubali, kwa sharti kwamba Gaston asitumwe popote.

Leo Charlène amefunga vitambaa vipya, kijani na zambarau. Nilipita pale saa ya kulisha, kwa bahati tu. Kwenye vizimba vya kijani alivaa glavu nene.

Nimeandika pembeni kwa penseli: kijani. Karibu hakika.