Hatua Elfu Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 4
Nilipoteza kiinitete tarehe 27 mwezi uliopita. Simu ililia saa tatu na dakika kumi asubuhi: kilichopandikizwa hakikushika.

Leo daktari kasema si kosa la mtu. Kabla ya sindano za awamu ya pili ya kupandikiza, nitembee nusu saa kila siku, jumla ya hatua za siku zifike 6,000, kwa kiasi, nisijiue. Kanifunga kifaa cha kuhesabu hatua mguuni. Ijumaa ataamua kama sindano zianze.

Wifi yangu, mwenye watoto watatu na maoni tisa, kaniangalia nikirudi kwenye cherehani. "Wifi, wewe umeolewa na hicho kiti."

Jumanne, tarehe 5
Sare kumi na tisa zinangoja. Nusu saa ni kola mbili. Nani atanirudishia?

Nimekihamishia kifaa kwenye mguu unaokanyaga pedali. Jioni: hatua 41,612, na nimeketi! Wifi kaja kujisifu kwa 8,000 zake. Nikamwonyesha. Kaaga mapema.

Jumatano, tarehe 6
Kumbe kifaa hutuma hesabu kliniki chenyewe. Hakuna aliyeniambia. Nesi kapiga simu, kaniuliza kama nakimbia mashindano. Ati nikizidisha hivi, sindano zitaahirishwa.

Nikapiga hesabu. Siku tano kwa 6,000 ni 30,000. Nimeshavuka kwa 11,612. Kifaa nikakitia kwenye droo. Nesi kapiga tena: hatua sifuri, je, naumwa?

Alhamisi, tarehe 7
Mume wangu ni mtunza ghala, mtu wa mwendo wa wastani. Nikamfunga kifaa asubuhi, nikamwambia ni cha presha. Mimi nikaenda kliniki kupigwa ultrasaundi. Jioni: 6,040. Safi kama mshono wa rula.

Ijumaa, tarehe 8
Daktari kafungua kompyuta mbele yangu na mume wangu, kasoma hesabu. Kisha: "Dada, jana saa tano ulikuwa umelala kwenye kitanda changu. Nani alikuwa anatembea?"

Mume wangu kajitazama mguu.

Sindano zimesogezwa wiki mbili. Daktari kasema anataka kuujua mwili wangu ulivyo, hanipi maksi. Wiki mbili! Na nina miaka thelathini na tisa na miezi minne.

Tumerudi nyumbani kwa miguu, dakika thelathini na nne, bila kifaa. Mume wangu hakugomba. Kasema tu, "Mimi nataka mtoto, mke wangu. Sitaki ushindi." Nikahesabu hatua mpaka mlangoni.

Jumamosi, tarehe 9
Jibu la maneno ya mume wangu nimelipata. Nimemwandikia daktari barua, kwa heshima zote. Mtoto ni wa watu wawili. Mbegu ni za mume wangu, mayai ni yangu, nusu kwa nusu, na hapo hamkulalamika. Basi kwa nini hatua zote ziwe zangu? Yeye atembee 3,000 zake ghalani, mimi 3,000 zangu, na katika zangu pedali ihesabiwe walau hatua moja kwa mikanyago kumi, maana jasho ni jasho. Sitaki maelezo wala kipeperushi. Inakubalika au haikubaliki? Nijibiwe kabla ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi.