Mtamba Wangu na Bustani ya Mkuyuni

Jumatatu, 7 Novemba 1938

Lo! Tajiri Kanubhai, mwenye jineri ya kuchambulia pamba, ametukusanya wafanyakazi wote uwanjani. Nilidhani anaongeza mshahara. Wapi! Anataka watu wa kujitolea. Lile pori nyuma ya jineri, linaloshuka hadi ziwani, pale watu wanapotupa vigae na mbwa waliokufa, ati ligeuzwe bustani ya mtaa wetu wa Mkuyuni wote. Mwenye kutaka mchicha achume. Malipo? Hakuna!

Mimi Luhaga ni karani. Kalamu inanitosha. Nilikuwa nanyata kurudi ofisini nilipomwona Mzee Malimi amesimama langoni. Ndiye baba yake Justa, msichana ninayetaka kumwoa. Juzi alimwambia mama yangu kwamba hamwozi binti yake kwa mwanamume asiyejua jembe. Mahari ya kuanzia ninayo: ng'ombe mtamba mwekundu niliyepewa na mama, amefungwa nyuma ya nyumba yake, na mzee amekwisha mtazama meno. Kilichobaki ni jembe tu.

Nikanyoosha mkono wa kwanza. Nkwabi, mpima pamba kwenye mizani, akanyoosha wa pili. Huyu naye anamtaka Justa. Ana mabega mapana kama mlango na hana hata kuku.

Jumatano, 9 Novemba

Tumelima jana jioni na leo jioni. Viganja vimejaa malengelenge! Malengelenge si sugu. Malengelenge yanatangaza kwamba mtu hajawahi kulima.

Nikapata akili. Nta ya nyuki na majivu, nikabandika viganjani. Sugu safi kabisa, za mkulima wa miaka mingi. Mzee Malimi akapita. Nikainama, shikamoo, nikampa mikono yote miwili. Jua lilikuwa bado kali. Alipotoa mikono yake, sugu zangu zote zilibaki viganjani mwake!

Akazitazama. Akazinusa. Akauliza kama siku hizi makarani wanalima asali. Justa, aliyekuwa anatoka ziwani, alicheka mpaka akatua mtungi chini. Nkwabi alicheka kupita wote. Atanikoma.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimeaga kazini kwamba tumbo linaniuma. Nikapanda baiskeli hadi kivuko cha Kigongo, nikavuka kwa mtumbwi. Ng'ambo kuna kundi la walimaji wanaolima kwa ngoma, majembe yanarushwa juu yote pamoja na kudakwa yote pamoja. Kiongozi wao ni Chenge. Na sisi Wasukuma sote tunaijua sheria: aliyewaalika walimaji anawachinjia ng'ombe. Akishindwa, aibu yake haioshwi na ziwa lote hili.

Nikamwambia Chenge nimetumwa na Nkwabi wa mizani. Waje Jumamosi walime bustani, ng'ombe yuko tayari.

Nkwabi, asiye na kuku! Watalima hata sehemu yangu, watadai nyama, naye ataumbuka mbele ya Mzee Malimi. Nimerudi nikiimba njia nzima.

Jumamosi, 12 Novemba

Mama yangu! Sijui nianzie wapi.

Watu wa Chenge walikuja umande haujakauka. Ngoma, njuga, vumbi. Matete chini, vichuguu chini, matuta yamenyooka hadi majini. Jineri yote ilitoka kutazama. Mpaka hapo sawa. Lakini wimbo! Walikuwa wanamsifu nani? Nkwabi! Nkwabi mwenye moyo, Nkwabi anayelisha Mkuyuni! Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wakaushika wimbo. Nkwabi mwenyewe akadhani ni utani. Hili sikulifikiria hata kidogo. Nikajipa moyo: ngoja njaa iwashike.

Ikawashika. Wakaweka majembe chini, Chenge akamwuliza Nkwabi ng'ombe yuko wapi. Nkwabi akaapa hajawaita, wala hajawahi kuvuka Kigongo. Mimi nyuma ya marobota ya pamba najibana nisicheke.

Ndipo Chenge akaniona. Akaninyooshea kidole, akasema mjumbe wao ni yule pale.

Mzee Malimi akaniita mbele za watu. Akasema mdomo ulioalika ndio unaolisha. Kisha akaniuliza jambo moja tu: mimi ni mwenyeji au ni mwongo? Justa alikuwa ananitazama. Nikasikia sauti, lo, kumbe ni yangu, ikisema mwenyeji!

Mama mwenyewe alimleta mtamba, analia. Mtamba alikuja bila ubishi, maskini, akanilamba mkono. Alipochinjwa, mimi nilifikiwa na kipande cha utumbo tu.

Jumapili, 13 Novemba

Nilikwenda kwa Mzee Malimi nikiwa na matumaini. Mtu hawezi kula ng'ombe wako halafu akakunyima binti. Kweli alinisifu. Alisema hajapata kula nyama laini namna ile. Kisha akauliza mahari naleta lini.

Nilishtuka! Nikamkumbusha kwamba ameila jana, tena amerudia sahani. Akanijibu kwamba alikula kama mgeni, hakula kama mkwe, na mahari hailipwi kwa mifupa.

Justa akaja kunieleza mwenyewe. Nkwabi ameona haya kwamba ng'ombe wa mama yangu amechinjwa kwa jina lake, ameahidi kumlimia mama shamba lote msimu huu. Justa alisema mwanamume wa namna hiyo anamtosha hata bila kuku. Na baba yake amekubali Nkwabi alime kwake badala ya mahari. Kwa jembe! Niliomba maji ya kunywa. Nililia njiani, sioni haya kuandika.

Jumatatu, 14 Novemba

Leo hata Tajiri Kanubhai ameiita Bustani ya Nkwabi. Mchicha haujaota, jina limekwisha ota!

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Shauri langu lilikuwa zuri. Kosa ni moja tu: Chenge aliiona sura yangu. Arusi ya Nkwabi na Justa ni baada ya mavuno. Nitakwenda Sengerema kuwaalika wacheza ngoma, kundi zima na wake zao, kwa jina la Nkwabi. Waje wale mpaka masufuria yalie. Safari hii nitavaa kofia. Nimekwisha inunua, pana, inafika kwenye pua.

Na hata wakinitambua, watanifanya nini? Sina ng'ombe tena. Kuna mbuzi wa mama tu, amemfunga pale pale alipokuwa mtamba.